Sanamu ndogo za gemu za anga: ipi inafaa mtaji wa mpakani?

GIKUNDAMVURA, Rusizi – Ni vitu vya plastiki vinavyoenea kwenye kiganja cha mtoto. Kimoja ni mwanaanga mnene asiye na mikono, mgongoni kabeba mtungi wa hewa. Kingine ni askari wa kijani aliyevaa chuma mwili mzima, na kofia yake ina kioo cha rangi ya dhahabu. Mtu mzima hupita asigeuke. Mtoto wa shule ya msingi husimama, akaita kila kimoja kwa jina lake, kisha akamvuta mama yake kitenge.

Mfanyabiashara akiona hivyo huanza kupiga hesabu. Bidhaa ambayo mteja anaijua kabla haijatoka kwenye mfuko haihitaji maelezo mengi. Ni nyepesi, haiozi kama nyanya, haivunjiki kama mayai, na mia moja zinaingia kwenye begi moja la mgongoni. Kwa mtu wa Gikundamvura, ambako Burundi iko ng'ambo ya Mto Ruhwa na Kongo haiko mbali, ng'ambo ya Mto Rusizi, bidhaa nyepesi ina thamani yake.

Lakini sanamu hizi zina mambo matatu ambayo nyanya haina. Zina mwenye jina. Zina kodi ya bidhaa ya kutoka mbali. Na zina mtoto ambaye ataitia mdomoni. Asiyeyajua haya matatu anaweza kupoteza mtaji wote kwa siku moja pale forodhani. Ndiyo maana tumeona tuzipime sanamu hizi kama tunavyopima bidhaa nyingine yoyote ya soko: umbo lake, ubora wake, mteja wake, gharama yake na hatari yake.

Zinatoka kwenye gemu gani

Sanamu za gemu za anga ni nyingi duniani, ila kwa eneo letu inatosha kuzijua familia mbili.

Ya kwanza ni Among Us. Gemu hii ilitolewa mwaka 2018 na kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Innersloth. Kwa miaka miwili haikujulikana sana. Mwaka 2020, watu wengi duniani walipofungiwa majumbani kwa sababu ya korona, ikalipuka. Hadithi yake ni rahisi: wafanyakazi wako ndani ya chombo cha anga, kila mmoja na kazi yake, lakini kati yao yumo msaliti anayewaua wenzake kimyakimya. Wachezaji hukutana, hujadiliana, hushukiana, kisha hupiga kura kumtupa nje yule wanayemdhania. Mwanzoni walicheza watu 4 hadi 10. Tangu Juni 2021 wanaweza kufika 15.

La muhimu kwa mfanyabiashara ni kwamba gemu hii inachezwa bure kwenye simu ya kawaida ya Android. Mtoto hahitaji mashine ya bei. Hata asiyeicheza huiona kwenye video za YouTube katika simu ya kaka yake. Hivyo mwanaanga yule mnene anajulikana mpaka pale ambapo hakuna duka la vichezeo.

Ya pili ni Halo. Hii ni kongwe zaidi. Ilitoka Novemba 2001 pamoja na mashine ya Xbox ya kampuni ya Microsoft. Shujaa wake ni Master Chief, askari wa siku zijazo anayepigana na majeshi ya viumbe wa sayari nyingine. Gemu ya Halo Infinite ilitoka Desemba 2021, na watu waliokuwa watoto mwaka 2001 sasa ni wazazi wenye mishahara. Hao ndio wakusanyaji: hununua sanamu si kwa kuchezea, bali kwa kupanga kwenye rafu, mara nyingi bila kufungua boksi.

Hapa kwetu Halo ina tatizo moja. Vibanda vingi vya gemu vya mjini na vijijini huendeshwa kwa PlayStation, na kinachochezwa humo zaidi ni mpira. Kwa zaidi ya miaka 20 Halo haikuwepo kwenye PlayStation. Ni Oktoba 2025 tu ilipotangazwa kwamba toleo jipya la gemu ile ya kwanza litaingia PlayStation mwaka 2026. Likishika kwenye vibanda, sura ya Master Chief inaweza kuanza kuulizwa sokoni. Hata hivyo, kununua mzigo leo kwa kutarajia hilo ni kamari.

Tuzipime moja moja

*Halo ndogo za MEGA.* Hizi zina urefu wa sentimita 5 hivi. Zinatengenezwa chini ya jina la MEGA, kampuni ya Kanada iliyonunuliwa na Mattel ya Marekani mwaka 2014. Sanamu za Halo za kampuni hii zilianza kutoka mwaka 2009, na huuzwa pamoja na vitofali vya plastiki vya kujengea, vile vinavyoshikana hata na vya LEGO. Ukiishika sanamu yenyewe utaona kwa nini wakusanyaji wanaipenda. Vipande vya chuma vya kifuani vimechongwa kwa mistari safi, kichwa, mikono na miguu vinageuka, na bunduki inaingia mkononi bila kulazimishwa. Kasoro yake ni kwamba vipande vyake ni vidogo sana. Bunduki ikianguka kwenye majani ya uwanjani imekwenda. Alama yetu kwa ubora ni 9 kati ya 10. Kwa soko la mpakani, 3 kati ya 10, kwa sababu mteja wake hapa ni wa kutafutwa kwa tochi.

*World of Halo.* Hizi ni kubwa kidogo, kama sentimita 10, na zimetengenezwa na kampuni ya Jazwares tangu mwaka 2020. Hazihitaji vitofali. Viungo vyake ni vingi, hivyo unaweza kumpigisha askari goti au kumlengesha silaha. Kwa mtoto anayechezea chini, hii ina nguvu kuliko ile ya MEGA, na vipande vyake si rahisi kupotea. Rangi, hata hivyo, huwa ya jumla jumla. Macho ya mkusanyaji huona pale ambapo brashi imeruka mstari. Ubora 8, soko letu 4.

*Among Us zenye leseni.* Umbo lake ni kama haragwe lililosimama. Hakuna mikono, hakuna vidole, hakuna uso: kuna kioo cha kofia, mtungi wa mgongoni na miguu miwili mifupi. Uzuri wake uko kwenye rangi. Gemu ilianza na rangi 12, na tangu Juni 2021 zikawa 18. Mtoto hanunui mwanaanga tu. Ananunua mwekundu, kesho anataka wa bluu, keshokutwa mweusi. Hiyo ndiyo siri ya bidhaa za kukusanya: ya kwanza huuza ya pili. Zile zenye leseni huwa na plastiki nzito kiasi, rangi isiyotoka, na baadhi zina kofia au kipambo cha kichwani kinachobandikwa na kubanduliwa. Ubora 7, soko letu 6.

*Among Us za mfukoni zisizo na jina la mtengenezaji.* Ndizo zinazoonekana zaidi kwenye masoko ya bei nafuu: seti za mfuko wa nailoni, mara nyingi 12 pamoja, hazina boksi wala anwani. Kuna sababu ya kiufundi ya wingi huu. Askari wa Halo ana pembe na mistari mingi, na kutengeneza kalibu yake ni gharama. Mwanaanga wa Among Us ni mviringo mtupu; karakana yoyote yenye mashine ya plastiki inaweza kumwiga ndani ya muda mfupi. Ndiyo maana bandia za Halo zinaonekana kuwa bandia kwa mbali, lakini bandia za Among Us zinamdanganya hata muuzaji mwenyewe. Ubora 3. Soko letu, tukiangalia mauzo tu, 8. Tukiweka hatari kwenye mizani, inashuka mpaka 1, na sababu tutaieleza hapa chini.

Mteja ni nani hasa

Kosa ambalo linaweza kumuumiza mfanyabiashara ni kudhani kwamba mteja wa sanamu ndogo ni mmoja. Wako wawili, na hawakutani.

Wa kwanza ni mtoto, au mzazi anayebembeleza mtoto. Anataka bei ndogo, rangi inayong'aa, na kitu cha leo. Hajali jina la kampuni. Yuko kila soko, kuanzia tambarare ya mpunga ya Bugarama mpaka Kamembe, na ng'ambo pia.

Wa pili ni mkusanyaji. Ni mtu mzima mwenye kipato, mara nyingi anaishi Kigali, Nairobi, Kampala au Dar es Salaam. Nairobi kuna mpaka tamasha la wapenzi wa vitabu vya michoro na gemu, NAICCON, ambako watu huvaa mavazi ya mashujaa wao. Mkusanyaji hulipa bei kubwa, lakini ana masharti: boksi lisiwe na mkunjo, jina la kampuni lionekane, na bandia akiiona hatarudi kwako tena. Huyu hapiti sokoni. Anaagiza.

Ukimpelekea mtoto sanamu ya mkusanyaji, itakaa mezani mpaka boksi lipauke kwa jua. Ukimpelekea mkusanyaji sanamu ya mfuko wa nailoni, utachekwa. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kununua si "hii inauzwa bei gani Kariakoo?" Swali ni "nitamuuzia nani, naye yuko mpaka gani?"

Jinsi ya kutambua bandia

Hatuhitaji maabara. Macho, vidole na pua vinatosha kwa kazi kubwa.

Geuza sanamu uangalie chini ya miguu au mgongoni. Halali huwa na maandishi madogo yaliyochongwa au kuchapwa: jina la mwenye haki, jina la mtengenezaji, pengine mwaka na nchi. Kwa Among Us tafuta jina Innersloth. Kwa Halo tafuta Microsoft pamoja na Mattel au Jazwares. Jina likiwa limekosewa herufi, au gemu ikiwa imepewa jina linalofanana tu na lile halisi, hiyo ni bandia.

Soma kifungashio. Halali huwa na anwani ya kampuni, namba ya toleo, umri wa mtoto na onyo la vipande vidogo. Usiridhike na alama ya CE peke yake, kwani mtu yeyote mwenye mashine ya kuchapa anaweza kuiweka.

Pitisha kidole kwenye mshono. Kalibu mbaya huacha ukingo mkali pembeni. Kisha chukua kitambaa cheupe kilicholowa, sugua sanamu kwa nguvu. Rangi ikibaki kwenye kitambaa, itabaki pia kwenye ulimi wa mtoto. Nusa: plastiki inayonuka kama gundi au mafuta makali baada ya kutolewa kwenye mfuko si ya kumpa mtoto.

Mwisho, angalia bei. Sanamu inayouzwa jumla kwa sehemu ndogo mno ya bei yake ya kawaida haikupata punguzo la bahati. Haikulipia leseni, haikupimwa, na pengine haikulipiwa kodi.

Forodha inasema nini

Hapa ndipo biashara inapoweza kufa. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ina orodha ya bidhaa zilizopigwa marufuku kuingizwa. Katika orodha hiyo zimo bidhaa bandia za kila aina. Haisemi bandia za dawa tu, wala za simu tu. Mwanaanga wa plastiki mwenye sura ya Among Us asiye na leseni anaweza kuingia humo humo.

Tena kila nchi ina sheria zake juu ya hapo. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008 na mamlaka yake maalumu. Rwanda imo katika Mkataba wa Berne wa hakimiliki, ambao hulinda kazi za ubunifu za nchi wanachama bila mwenye kazi kulazimika kuja kuandikisha Kigali. Ni kweli kwamba ofisa wa mpakani mara nyingi ana mambo makubwa kuliko wanaanga wa sentimita tano. Lakini mzigo ukikamatwa, udogo wa sanamu hautakuwa utetezi.

Jambo la pili ni asili ya bidhaa. Wafanyabiashara wetu wengi wanakifahamu Cheti Rahisi cha Asili, kile kinachotolewa pale pale mpakani kwa mzigo usiozidi dola 2,000. Cheti hicho kimewaokoa wengi, hasa akina mama wanaovusha mazao. Lakini kinahusu bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Sanamu iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa kuwa imelala usiku mmoja Kariakoo au Kikuubo. Itatozwa kama bidhaa ya kutoka nje.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme umenunua sanamu 100 zenye thamani ya faranga 1,000 kila moja zikiwa zimefika kwenye mpaka wa kuingia Rwanda. Vichezeo viko kwenye kifungu cha 95.03 cha ushuru wa pamoja, na bidhaa iliyokamilika ya aina hii hutozwa asilimia 25. Ushuru ni faranga 25,000. Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, huhesabiwa juu ya thamani pamoja na ushuru, yaani 125,000, inakuwa 22,500. Jumla umefika 147,500, kabla ya tozo nyingine ndogo, nauli na chakula cha njiani.

Ukiuza kila moja kwa faranga 2,000, unahitaji kuuza 74 ndipo urudishe fedha yako. Zikibaki 30 kwenye mfuko, umepata 140,000 na umepoteza 7,500 kabla hujahesabu nauli. Na zitabaki, kwa sababu bidhaa ya rangi huwa na rangi zinazokimbia na rangi zinazolala. Seti ya 12 haikupi nafasi ya kuchagua wekundu watupu.

Wapo watakaosema: sivushi mwenyewe, nanunua Kigali kwa mwenye duka la jumla. Ni njia nzuri zaidi, kwa sharti moja: dai risiti ya mashine ya EBM. Karatasi ile ndiyo inayoonyesha ulinunua wapi na kwamba kodi ilipita. Mzigo usio na risiti ukisimamishwa njiani, wewe ndiye unayeonekana kuwa mwingizaji.

Na ukitaka kuzipeleka mbele, Kamanyola au Bukavu, kumbuka kwamba unavusha bidhaa ya nje kwa mara ya pili. Kongo iliingia Jumuiya mwaka 2022, lakini kuingia kwake hakujaifanya plastiki ya China kuwa bidhaa ya ndani. Upande wa Burundi hali ni ngumu zaidi: Januari 2024 nchi hiyo ilitangaza kufunga mipaka yake ya ardhi na Rwanda, na Ruhwa, kituo kilicho karibu na watu wa Gikundamvura kuliko vyote, kikawa miongoni mwa vilivyoguswa. Mwenye kupanga mzigo kwa kutegemea mlango mmoja aulize kwanza kama mlango uko wazi, kisha ndipo anunue.

Mtoto wa mteja wako

Muuzaji wa soko la kijijini ana jambo ambalo duka la intaneti halina: anamjua mtoto atakayepewa kile kitu. Huenda ni mtoto wa jirani. Kwa hiyo suala la usalama si la serikali peke yake.

Viwango vya kimataifa hupima vipande vidogo kwa silinda yenye upana wa milimita 31.7. Kipande chochote kinachoenea chote ndani ya silinda hiyo hakifai kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, kwa sababu kinaweza kumkaba koo. Nyumbani unaweza kutumia bomba la karatasi linalobaki katikati ya tishu ya chooni. Ni pana kidogo kuliko silinda ya wataalamu, hivyo linakupa tahadhari ya ziada. Sanamu ikipita humo, mwambie mzazi waziwazi: hii si ya mdogo wake anayetambaa.

Angalia pia zile zinazowaka taa. Ndani yake huwa na betri ndogo za mviringo kama kifungo. Mtoto akimeza betri ya namna hiyo inaweza kuunguza koo au tumbo kwa saa chache tu. Ni dharura ya kukimbilia hospitali papo hapo. Sanamu yenye betri ambayo kifuniko chake hakina skrubu usiinunue kabisa, hata kama ni ya bure.

Mzazi akiona umemwambia "hii usimpe mdogo", hatakuacha. Atarudi kununua daftari, sabuni na chumvi kwako.

Basi tufanye nini?

Njia ya kwanza ni ya mwenye mteja anayemjua. Kama una mtu wa Kigali au Bukavu anayekusanya Halo, chukua oda kwanza, chukua sehemu ya fedha kwanza, kisha agiza halali na kwa risiti. Faida kwa kila moja ni kubwa, idadi ni ndogo, na hakuna kinachobaki mezani. Hii si biashara ya kila siku, ila ni biashara safi.

Njia ya pili ni ya mwenye soko la watoto. Nunua wanaanga, maroboti na vyombo vya anga ambavyo si vya gemu yoyote. Hakuna kampuni inayomiliki wazo la mwanaanga. Roboti ya kawaida yenye boksi, anwani na onyo la umri inauzika, na haina mwenye kuidai. Haitauzwa kwa kasi ya Among Us, ni kweli. Lakini utalala usingizi.

Njia ya tatu inahitaji subira, na kwetu sisi ndiyo yenye mlango mpana zaidi wa Jumuiya. Watoto wa Rusizi kama wa kwingineko hutengeneza magari ya waya na magurudumu ya ndala zilizokatika. Mafundi wa mbao, wafumaji na wachongaji wapo pande zote za Mto Rusizi. Kenya, shirika la Ocean Sole huokota ndala zilizotupwa baharini na kuzichonga kuwa twiga, tembo na kasa wadogo, na wageni hununua kuzikusanya. Wakamba wa Wamunyu wameuza wanyama wa mbao duniani kwa vizazi. Hizo nazo ni sanamu ndogo za kukusanya: ya kwanza huuza ya pili, twiga huita tembo.

Sanamu ya mbao iliyochongwa Gikundamvura kwa mti wa Rusizi imezalishwa ndani ya Jumuiya. Hiyo inaweza kuombewa Cheti Rahisi cha Asili, mradi imo kwenye orodha ya bidhaa zinazokubaliwa; omba kuonyeshwa orodha hiyo pale mpakani kabla hujajaza mfuko. Ile asilimia 25 iliyokula faida kwenye hesabu yetu ya juu haipo. Na rangi zinazolala unaziacha, kwa sababu wewe na fundi ndio mnaopanga nini kichongwe.

Tahadhari moja. Kuchonga kwa mkono hakuondoi haki ya mwenye sura. Kinshasa, mafundi wamekuwa wakichonga kwa mbao Tintin, kijana wa vitabu vya michoro vya Mbelgiji Hergé, na wageni humnunua. Lakini Tintin ana wenyewe, kama Master Chief alivyo na wenyewe. Fundi wako akitaka kuchonga mwanaanga, achonge wa kwake: mwenye sura yake, jina lake na hadithi yake. Tumbili wa Nyungwe aliyevaa kofia ya anga hana mwenye kumdai, na mtoto wa Bukavu atamjua kesho kama leo anavyomjua yule mwekundu wa kwenye simu.

Kabla hujafungua mkoba

Mwenye mtaji wa kuanzia asinunue seti za mfuko wa nailoni zisizo na jina, hata kama mwenzake ameziuza zote juzi. Mwenzake alibahatika mara moja. Mtaji wako haupaswi kusimama juu ya bahati ya mtu mwingine. Mwenye mteja wa Halo achukue oda na fedha ya awali. Mwenye meza ya sokoni achanganye: vichezeo vichache visivyo na sura ya gemu, pamoja na kazi ya fundi wa karibu, na aandike kwenye daftari kipi kimetoka na kipi kimelala.

Na kama tayari unazo zile bandia ndani, usizivushe. Hasara ya mfuko mmoja ulio nyumbani ni ndogo kuliko ya begi zima linaloshikiliwa mpakani, likiwa na vitenge na sabuni ambavyo havikuwa na kosa lolote.